Maji ya Kumrudisha Msafiri

Gulizar aliomba viza ya wiki mbili tu, akamwone dada yake Nermin aliyehamia ng'ambo. Afisa wa ubalozi nyuma ya kioo alipitia tiketi ya kwenda na kurudi, bima na barua ya kazini. Zote zilikuwa sawa.

"Lakini hujaolewa, nyumba huna," alisema. "Nitajuaje kwamba utarudi kwenu Uturuki?"

Gulizar alitafuta jibu la maana, akaambulia lile la nyumbani.

"Mama atamwaga maji."

"Maji gani tena?"

"Kwetu msafiri akitoka, humwagiwa maji barabarani nyuma yake, ili njia isimzuie: aende kama maji, arudi kama maji."

Afisa alicheka. "Haya, dada, hilo sina pa kulijaza kwenye fomu. Na huyo Nermin, naye alimwagiwa?"

"Ndoo nzima."

"Akarudi?"

Gulizar alitazama mikono yake. Angeweza kudanganya.

"Bado," alisema. "Mama hufungua mlango kila akisikia gari linasimama."

Afisa hakucheka tena. Aliifunga pasipoti, akaweka kiganja juu yake, wala hakuisogeza, si kwenye muhuri, si kwa Gulizar.