Kaa na Nyumba Iliyotaka Kubingirishwa

Bahari ilipokuwa bado changa, Kaa aliishi ndani ya jiwe lililo hai: mwani mgumu wa rangi ya waridi, mviringo kama chungwa, uliojaa vishimo na wapangaji. Kila asubuhi Kikande, samaki mwenye meno kama patasi, alilibingirisha akiwatafuta awale. Hakumpata hata mmoja, lakini Kaa alichoka kupinduliwa miguu juu. Akachimba shimo, akalizika jiwe nusu, likatulia tuli.

"Sasa tutalala kama watu," akasema.

Siku ya nne Kamba, mpangaji wa chini, alipanda mbio. "Mzee Kaa, huku kwetu nyumba imekuwa nyeupe. Inakufa. Haijaona jua tangu uizike."

Kaa akafukua mchanga, akasukuma, wapi. Ndipo akatoka nje, akapunga gando. "We Kikande, hayo meno ni mapambo? Njoo, leo nimenona!"

Kikande akaja kama mshale. Kaa akachupa ndani, jiwe likapinduka, wakabingirika wote wakicheka, na upande mweupe ukaota jua.

Tangu hapo, kila asubuhi Kaa hutoka mlangoni kumtukana adui yake, asije akasahau kuja.