Mapozi Anaegemea Dirishani

Mapozi alikuwa ameinama upande tena. Akielekezwa mlangoni aliegemea kulia, akigeuzwa aliegemea kushoto, ilimradi mwili uende upande wa dirisha. Kamera iliyofungwa ukutani ilionyesha ameinama nyuzi tatu. Mwezi uliopita ilikuwa moja.

Mtafiti alimtazama mbuzi huyo, kisha akamtazama mwenzake wa kwenye kompyuta, aliyetengenezwa kwa vipimo vyake vyote, kuanzia uzito hadi upana wa kwato. Wa kompyuta alisimama wima kama askari wa gwaride.

"Ubongo umeshaanza kuharibika," alisema Dokta, mkuu wa maabara hiyo ya chini kabisa ya jengo la ghorofa sita, akichungulia mlangoni. "Saa nane tumchinje, tupasue kichwa tuone."

"Dokta, mgonjwa gani anakula hivi?" alisema mlishaji wa wanyama, ambaye wote walimwita shangazi. "Mbona uani anasimama vizuri tu?"

"Uani hakuna kamera," Dokta akamjibu, akaenda zake.

Shangazi alikaa kando ya zizi akalia bila kujificha. Yeye ndiye aliyemlea Mapozi kwa chupa, tangu hajui hata kusimama. Mtafiti naye roho ilimuuma, maana yeye ndiye aliyepeleka picha za kamera kwa Dokta.

"Bado kuna saa mbili, shangazi. Ngoja nihangaike."

Akaanza kumtia maradhi mbuzi wa kompyuta. Akamharibu sikio, linaloshika mizani ya mwili, mbuzi akaanguka chali. Akamfifisha jicho, akayumba. Akamlegeza goti, akachechemea. Hakuna ugonjwa uliomwinamisha kama Mapozi.

Ilipofika saa saba na nusu alikuwa amebakiwa na mstari mmoja wa vipimo, ambao watu wa kazi yake hawaugusi kabisa: mwinamo wa sakafu. Sakafu huandikwa sifuri, basi, yameisha. Akafuta sifuri, akaandika tatu.

Mbuzi wa kompyuta akajikusanya, akainama, akatulia sawasawa na picha.

"Haumwi, shangazi. Siku zote amesimama wima, sakafu ndiyo iliyoinama."

"Si nilisema mimi?" Shangazi alicheka huku akijifuta machozi kwa kiganja. "Nyie wasomi mtaniua kwa presha."

Mtafiti hakucheka. Alikuwa akizisoma upya tarehe za zile picha: moja mwezi uliopita, tatu leo.

"Mtoe nje sasa hivi," alisema. "Kisha gonga milango yote ya ghorofa ya kwanza na ya pili, watu watoke. Mimi naanzia ya sita kushuka."