Mwanya Usioonekana

Mzee Mahfudhi alijilaza kwenye kiti cha daktari wa meno, wala hakumtambua daktari nyuma ya barakoa. Raya, daktari mwenyewe, alimtambua tangu mlangoni. Huyu ndiye aliyekula kiapo cha uongo mahakamani, Hemedi, kaka yake Raya, akafungwa na kufia gerezani.

"Nizibie vizuri, mwanangu," mzee alisema. "Hili ndilo jino langu la kutafunia nyama."

"Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Panua mdomo."

Raya aliijua kazi yake. Dawa ile nyeupe hutiwa kidogo kidogo, kila tabaka likamulikwa kwa taa ya bluu, kwani mwanga huigandisha na kuifanya isinyae. Ikijazwa yote kwa mkupuo, husinyaa kwa nguvu ikajibandua ukingoni na kuacha mwanya usioonekana kwa macho. Humo uozo hupenya taratibu mpaka kwenye mshipa.

Akaijaza yote kwa mkupuo. Akaisogeza taa karibu kabisa, akaiwasha kwa mwanga wake mkali.

Mzee alisukutua, akapitisha ulimi juu ya jino, akacheka kwa furaha. "Una mkono mwepesi, binti. Mungu akulipe."

"Amina," Raya akajibu, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Mzee alipotoka, Raya akasimama dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwa muuza kahawa, Mzee Mahfudhi alikuwa amepanua mdomo akiwaonyesha wenzake jino. Kisha akaomba kashata, akaipeleka upande uleule, akauma.