Dizeli Inayorudi Tangini

Dereva alipoingia tu kuoga, mkewe alijitosa chini ya lori na spana, akailegeza nati ya paipu ya dizeli. Kidogo tu. Akatoka, akajipangusa magoti, akaendelea kuanua nguo.

Fundi ndiye aliyempa elimu hiyo bila kujua. Siku moja mke alimsikia akimweleza mumewe: "Nati ikilegea, upepo unaingia. Lori likilala, dizeli yote inarudi tangini. Asubuhi utapiga stata mpaka betri ife."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi lori lilikohoa, likagoma. Dereva alipampu kwa mkono mara mbili tatu, akakaa chini. Tajiri akapiga simu akifoka, mzigo akapewa mwingine. Mke aliona huruma, lakini afanyeje? Mume alikuwa anamponyoka hivihivi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu aliyaona. Bwana hamtazami tena usoni. Alivaa gauni jipya, wala hakuambiwa umependeza. Sokoni walipishana bega kwa bega, mwenzake akapita zake kama kapishana na nguzo! Na ujumbe ukiingia kwenye simu, mbio kwa muuza duka, wanasomeana kwa kunong'ona. Kama si mwanamke huko njiani, ni nini? Heri akae nyumbani amenuna kuliko aende kwa huyo.

Hatimaye fundi akaitwa. Alibadilisha paipu, akafunga valvu ya kuzuia dizeli isirudi, akaikaza nati kwa spana ndefu.

"Shemeji, tulia," akamwambia mke. "Kesho stata moja tu, mtu safarini!"

Jioni mke alijaribu. Alivuta mpaka viganja vikachubuka, nati haikutikisika. Akalia palepale chini ya lori, mtu mzima, kwa kukosa la kufanya.

Asubuhi hakutoka hata kumuaga mumewe. Alijifunika shuka, akasikia stata ikizunguka, ikazunguka, ikachoka. Lori halikuwaka.

Mungu wangu, akajisemea. Leo si mimi.

Jua lilikuwa limeshapanda fundi aliporudi. Mke alitoka pekupeku, polepole, akasogea kusikiliza.

"Kazi yangu ya jana iko imara," fundi alisema akijipangusa mikono. "Kilicholegea ni nati ya filta. Hii imefunguliwa na mtu, kaka. Una adui hapa?"

"Ni mimi," dereva akasema.

"Wewe? Mbona sikuelewi? Hutaki kazi?"

"Naitaka sana. Lilipokuwa linagoma lenyewe nilishukuru Mungu. Jana umelitengeneza, ningefanyaje?" "Safari ya mwisho nilifuata tu taa za gari lililokuwa mbele yangu mpaka nikafika. Sitaki kuua watu, fundi. Lakini nakuomba, mama watoto asijue. Nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu."

Fundi alimtazama dereva, kisha akamtazama mke, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama mbele ya mumewe, hatua moja tu, uso kwa uso, mchana kweupe.