Taa ya Kijani Darini

Siku hizi maneno matamu kuhusu mazingira hayapotei hewani. Ukitamka wazo zuri, taa ya kijani inawaka darini, na siku hiyohiyo unashushiwa vifaa mlangoni ulitekeleze mwenyewe.

Bi Mwantumu wa Morogoro alilijua hilo vizuri, maana mumewe, Shomvi, ni mshereheshaji wa harusi, na mdomo wake hauna breki. Harusi moja alisema maji ya mvua yasimwagike bure. Yakaletwa matangi, sebule ikabaki kichochoro. Nyingine akawaambia wageni kwamba maganda ya ndizi ni mbolea, likaja pipa zima la minyoo.

"Baba Zuhura, wewe msifie bibi harusi, basi!" Mwantumu alifoka. "Minyoo nilale nayo wapi?"

Shomvi akacheka, akashika jembe. Alilima hadi uchochoro wa nyuma, akapanda mchicha, nao ukastawi kama magugu.

Jioni moja Mwantumu aliupika kwa nazi. Alikula, akalamba vidole, akashusha pumzi ya raha. "Kweli, ingependeza mtaa mzima uwe hivi."

Taa ikawaka.

Wote wawili wakatazama juu, matonge mkononi. Kwenye kona ya mtaa ikalia honi ya lori, na nyuma yake nyingine, na nyingine tena.

Shomvi akamziba mkewe mdomo kwa kiganja chenye harufu ya nazi. Macho ya Mwantumu yalikuwa yanang'aa, na ilionekana wazi kwamba alikuwa na wazo jingine.