Ukucha wa Nasma

Nilibonyeza ukucha wa Nasma, nikauachia. Ukabaki mweupe.

Nikasubiri damu irudi. Mwili wake ulikuwa unawaka moto, lakini vidole vilikuwa baridi kama vimetoka kwenye friji.

"Ana siku tisa tu tangu ajifungue," mumewe alisema. "Mama yake hataki atoke kabla ya arobaini. Ndiyo maana nikakufuata dukani, mama, uje umwone."

Kutoka duka langu la dawa hadi chumba kile ni nyumba tatu tu, hapa hapa Kariakoo. Wiki ile alikuwa amekuja mara mbili kuniambia mkewe ana homa. Mara zote mbili nilimuuzia kopo dogo la vitamini za Ulaya, zile zilizojaa madukani tangu biashara iachiwe huru. Nilimsomea mpaka maandishi ya ubavuni: zinapunguza uvimbe, zinalinda mishipa ya damu. Sikumuuliza kama damu ya uzazi inanuka.

Ilikuwa inanuka. Udi wote uliofukizwa mle chumbani haukuweza kuificha harufu ile.

"Mbebe," nilisema. "Tunaenda hospitali sasa hivi. Mambo ya arobaini yaache."

Hakumbeba. Alipapasa chini ya mto, akatoa kopo la pili, akalitikisa karibu na sikio langu. Halikutoa sauti.

"Amemeza zote, mama," alisema, kwa fahari kidogo. "Hakuruka hata siku moja, kama ulivyotuambia."

Nikabonyeza ukucha tena.