Kitufe cha SAMEHE

Siku hizi kila nyumba ina mkono wa chuma ukutani. Mume na mke wakigombana, kila mmoja huulizwa na simu yake amfanye nini mwenzake, na mkono unatii.

Leo ulimng'oa mume wangu, Shebe, meno mawili. Akatema damu kwenye beseni.

"Tunu, we una roho gani? Hata siku moja hunisamehe?"

"Nikusamehe vipi? Simu yangu ina kitufe kimoja, PIGA."

"Usinichekeshe, mdomo unauma. Vipo viwili."

Akanionyesha simu yake mpya. Chini ya PIGA kulikuwa na SAMEHE. Kwenye kioo cha simu yangu kuukuu, kitufe hicho hakijawahi kutokea.

Nikashika mbavu zangu, zilizovunjika juzi alipobonyeza PIGA. Nilidhani naye ana kimoja tu, ndiyo maana kila baada ya kipigo nilimpikia uji.

Uji wake ulikuwa jikoni, unaungua. Sikuinuka.